Lugha kwanza, nauli baadaye: Ayapasayo kujua kijana wa Matungu anayetaka kujitolea Ujerumani

KUPOROMOKA kwa Kampuni ya Sukari ya Mumias, iliyowekwa chini ya mrasimu mwaka wa 2019, kuliziacha familia nyingi za Matungu, Kaunti ya Kakamega, bila pato la miwa lililokuwa likilipa karo. Haishangazi basi kwamba vijana waliohitimu kidato cha nne wanatazama ng'ambo.

Ujerumani hutajwa sana, hasa baada ya Kenya kutia saini mkataba wa uhamiaji na ajira na nchi hiyo jijini Berlin mnamo Septemba 2024. Hata hivyo, mkataba huo haukuondoa masharti ya viza wala sharti la lugha.

Anayetaka kusoma katika chuo kikuu kwa Kijerumani aghalabu hutakiwa kufikia kiwango cha C1. Fauka ya hayo, huonyesha kwamba ana fedha za kujikimu kwa mwaka mzima. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni Yuro 11,904, kiasi ambacho wazazi wengi hawawezi kukipata hata wakiuza shamba.

Ipo njia nyingine isiyojulikana sana, nayo ni mwaka wa kujitolea. Mpango wa FSJ huwapokea vijana ambao hawajatimiza umri wa miaka 27. Ule wa BFD, ulioanzishwa mwaka wa 2011, hauna kikomo hicho cha umri. Kijana huhudumu katika makao ya wazee, hospitali, shule za chekechea au vituo vya watu wenye ulemavu.

Huo si mshahara wala ajira. Anayejitolea hupewa pesa kidogo za matumizi na hulipiwa bima, na mara nyingi hupata malazi na chakula. Katika FSJ ya miezi 12, pia huhudhuria semina kwa siku 25. Faida kubwa ni kwamba huishi ndani ya lugha kila siku. Akiboresha Kijerumani chake, anaweza kuomba nafasi ya mafunzo ya kazi, mathalani uuguzi, ambayo huchukua miaka mitatu na mwanafunzi hulipwa anapojifunza.

Lakini mlango wenyewe hufunguliwa na lugha. Vituo vingi hutaka kiwango cha A2 au B1 kabla ya safari. Taasisi ya Goethe hukadiria kwamba kufikia B1 huhitaji vipindi kati ya 350 na 650 vya dakika 45. Hiyo ni kazi ya miezi mingi, si ya wiki mbili.

Kijana wa Matungu hana sababu ya kuogopa. Tayari anazungumza Kiwanga, Kiswahili na Kiingereza. Aliyezoea ngeli, akajua kutenga omundu na abandu, hatashangazwa na nomino za Kijerumani kugawika katika makundi matatu. Na anayejua jinsi Kiwanga kinavyotofautiana na Kimaragoli ataelewa kwa nini mzee wa Bavaria hazungumzi kama kitabu cha darasani.

Tahadhari ni kuhusu madalali. Anayedai maelfu ya shilingi ili "kuuza nafasi", au anayesema lugha utajifunzia huko huko, aulizwe maswali. Kituo kiko mji gani? Mkataba uliotiwa saini na kituo hicho uko wapi? Mawakala wa ajira nao huthibitishwa kupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA).

Wageni waliofanya kazi miongoni mwa Waluhya walizingatia jambo hili zamani. L. L. Appleby, mmisionari wa CMS, alijifunza lugha ya wenyeji hata akachapisha sarufi ya Kiluhya mwaka wa 1947. Kijana wetu naye aanze na lugha ya wenyeji wake. Ada ya masomo hayo, hata viza ikikataliwa, itakuwa imemwachia ujuzi. Pesa alizopewa dalali hazirudi.