Mama Alitaka Kuigusa Barafu

Mama mwenzangu, je, umewahi kumwandalia mzazi wako furaha kubwa, ukahangaika usiku na mchana, kisha ukagundua kwamba hukumwuliza yeye mwenyewe anataka nini? Mimi yalinipata hayo mwaka 2023, tena mimi muuguzi, ambaye kazi yangu ni kuwauliza watu wanaumwa wapi.

Mama yetu alizaliwa mwaka 1951 kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kila asubuhi ya utoto wake alikiona kilele cha Kibo kikiwa cheupe, lakini hakukipanda kamwe. "Ile barafu nimeitazama maisha yangu yote," alizoea kusema, "lakini sijaigusa hata siku moja." Mdogo wangu, anayeishi Marekani na ambaye pia ni muuguzi, aliyaweka maneno hayo moyoni. Aliweka akiba kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, kisha akatupigia simu. Alikuwa amelipia sisi watatu safari ya meli ya kitalii ya siku 7 mwezi wa Juni, kutoka mji wa Seward katika jimbo la Alaska hadi Vancouver, Kanada. Kabla ya kupanda meli tungekuwa na siku 4 za kutembea nchi kavu.

Mama alilia kwa furaha. Sisi mabinti tulianza kugombana.

Orodha ya mito mitano

Huko Alaska theluji huanguka mwaka baada ya mwaka bila kuyeyuka yote. Ya juu huikandamiza ya chini hadi inakuwa barafu ngumu, na kwa uzito wake barafu hiyo huteremka polepole bondeni kama mto. Ndiyo maana huitwa mto wa barafu. Ipo maelfu, na mdogo wangu alitaka tuione mitano kwa siku 4.

Wa kwanza ni Matanuska, kiasi cha kilomita 160 kutoka jiji la Anchorage. Una urefu wa kilomita 43, na watu hufika kwa gari hadi karibu nao, kisha hutembea juu ya barafu yenyewe pamoja na kiongozi. Wa pili ni Portage, kilomita 80 hivi kusini ya Anchorage, ambao huonwa kwa boti ziwani kwa muda wa saa moja. Wa tatu ni Exit, karibu na Seward, ambao una njia fupi ya miguu. Wa nne ni Aialik, unaoingia baharini. Kuufikia ni safari ya boti ya kutwa kutoka Seward, na boti hupita mahali penye mawimbi makubwa. Wa tano ni Ruth, kwenye mlima Denali wenye meta 6,190. Huko huendwa kwa ndege ndogo kutoka Talkeetna, na mawingu yakitanda ndege hairuki.

Mimi niliposoma orodha ile nilimfikiria mama: magoti yanamsumbua, shinikizo la damu analo, na ngazi za kanisani anazipanda kwa kushika ukuta. Nikamjibu mdogo wangu kwa ukali kwamba Matanuska haiwezekani kabisa. Mzee wa miaka 72 atatembeaje juu ya barafu? Akiteleza akavunjika nyonga, nani atakayejibu? Naye akanijibu, "Dada, mimi ndiye niliyelipa." Wiki mbili hatukusalimiana.

Baba Neema, mume wangu, alinisikiliza nikilalamika jioni moja, akaniuliza neno moja tu: "Na mama mwenyewe anasemaje?"

Nilinyamaza. Hakuna aliyemwuliza.

Mama anasema

Kesho yake nilikwenda nyumbani, nikamkuta anachambua maharage. Nikamweleza mito yote mitano. Alisikiliza, akapepeta maharage yake, kisha akasema, "Mama Neema, mimi sihitaji mitano. Nataka mmoja niuguse kwa mkono wangu. Hiyo mingine nikiiona kwa mbali inatosha. Na msinichoshe kabla sijafika kwenye meli."

Kwa maneno hayo alikuwa amekwisha kutuchagulia. Nilimpigia simu mdogo wangu, nikamwomba radhi, tukaanza upya. Mambo tuliyoyaangalia nayaandika hapa, labda yatamfaa mama mwingine atakayealikwa na watoto wake walioko ng'ambo.

Kwanza, tuliuliza meli yenyewe itatuonyesha nini. Meli yetu ingepita mbele ya Hubbard, mto wa barafu wa kilomita 122 ambao uso wake baharini una upana wa kilomita 10 hivi. Yaani barafu ikimeguka na kuanguka majini tungeiona tukiwa tumekaa kitini, chai mkononi. Basi boti ya kutwa kwenda Aialik ya nini? Tukaifuta.

Pili, tuliangalia mwelekeo wa njia. Talkeetna iko kaskazini ya Anchorage, na Seward iko kusini. Kwenda kule na kurudi kungekula siku nzima, na mawingu yangeweza kutunyima ndege. Ruth nao tukaufuta.

Tatu, tuliangalia miguu ya yule aliye dhaifu kuliko wote. Portage uko upande wa njia iendayo Seward, na kwenye boti yake kuna viti ndani. Tukaubakiza. Exit una njia pana na fupi, nao tukaubakiza.

Nne, tuliangalia ni kitu gani hakipatikani kwingine. Kwenye boti na melini barafu ungeitazama tu. Kuigusa ni Matanuska. Basi mto niliokuwa nimeukataa mimi ndio uliotangulia kwenye orodha.

Siku ya Matanuska

Tulitafuta kiongozi wa kutuchukua peke yetu, tusije tukakimbizwa na kundi la vijana. Alitufunga chuma zenye meno chini ya viatu na kutupa kofia ngumu. Mama alikuwa na fimbo mbili, mimi kulia, mdogo wangu kushoto.

Mwanzoni barafu haionekani, kwa kuwa imefunikwa na mchanga na kokoto. Tulitembea polepole, tukapumzika mara nne. Sehemu nyeupe yenyewe ilikuwa bado mbali, na mimi niliona pumzi za mama zinabadilika. Nikamwambia kiongozi inatosha. Nilidhani mama atasikitika. Kiongozi akapiga magoti, akafagia mchanga kwa mkono, na chini yake ikatokea barafu, ngumu, yenye rangi ya buluu. Alituambia kwamba barafu iliyokandamizwa sana humeza mwanga mwekundu, ikaacha wa buluu upite.

Mama alivua glavu, akainama huku tukimshikilia, akaweka kiganja chake pale. Alikiacha mpaka vidole vikawa vyekundu. Kisha akasema, "Kumbe ndivyo ilivyo," akanyanyuka. Mdogo wangu alikuwa analia, na mimi pia.

Kibao cha mwaka 1951

Siku ya pili tulilala na kupumzika tu. Ya tatu tulipita Portage, tukafika Seward mapema, maana mwezi wa Juni jua la huko huzama baada ya saa 5 usiku. Jioni tukaenda Exit.

Kando ya njia kuna vibao vyenye miaka, kuonyesha barafu ilikuwa imefika wapi mwaka ule. Mama alisoma kimoja kimoja, kisha akasimama mbele ya kilichoandikwa 1951. Aligeuka kuitafuta barafu, akaiona juu kabisa, mbali, kwenye mwamba. "Mwaka niliozaliwa ilikuwa hapa," akasema. "Hata ile ya Kibo imerudi nyuma namna hii." Ni kweli. Kati ya mwaka 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza kama asilimia 85 ya barafu yake, na wajukuu wa mama wanaona kidogo sana kuliko alivyoona yeye.

Yasiyofaa kusahauliwa

Dawa za mzee zikae kwenye mkoba wako wa mkononi, kwa sababu masanduku hutangulia melini. Vaa nguo kadhaa nyepesi pamoja na koti la mvua badala ya koti moja zito. Lala kwenye mji wa bandari usiku mmoja kabla ya kuondoka, maana meli haimngoji mtu. Kwa kuwa safari huishia Kanada, Mtanzania huhitaji viza ya huko pamoja na ya Marekani, tena ya kuingia zaidi ya mara moja ikiwa atarudi kupitia Marekani.

Siku ya Hubbard abiria walijaa sitahani wakipiga picha. Mama alikaa kitini ndani ya dirisha, blanketi magotini. Nilimwuliza kama anataka tutoke nje tuone vizuri zaidi.

"Nyie nendeni," akasema. "Mimi wangu nimeshaugusa."