Je, Ni Halali Kuwapiga Risasi Ndege na Sungura Waharibifu?

Mtaa wa Kihoto, Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru, umepakana na ziwa. Maji yalipopanda mwaka 2020, na tena mwaka 2025, nyumba nyingi ziliingiwa na maji, na viboko wakawa wakipita karibu na milango ya watu. Basi mtu wa Kihoto hana haja ya kufundishwa ya kuwa mnyama wa porini aweza kuwa jirani mgumu. Lakini wako waharibifu wengine, wadogo sana kuliko kiboko, ambao watu huwadharau hata wakadhani ya kuwa sheria nayo imewadharau. Hao ni ndege na sungura.

Jambo hili huonekana wazi katika viwanja vya gofu, kama vile vilivyoko Nakuru, Njoro na Naivasha. Majani ya viwanja hivyo hukatwa yakawa mafupi, nayo hunyweshwa maji wakati wa kiangazi. Kwa sababu hiyo huwa karamu kwa wanyama. Bata bukini hutoka majini kuja kula majani mabichi, wakaacha mavi pale pale watu wanapochezea. Kwarara hudonoa ardhi wakitafuta mabuu. Sungura huja usiku wakala miche. Mtunza kiwanja anayeona kazi ya mwezi mzima ikiharibiwa kwa usiku mmoja hutamani bunduki. Mkulima wa sukuma wiki aliye ng'ambo ya ua hutamani vivyo hivyo. Je, sheria yasemaje?

MWENYE ARDHI SI MWENYE WANYAMA

Yafaa kwanza watu wote wafahamu ya kuwa kumiliki ardhi si kumiliki wanyama wa porini waliomo. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwezi wa Mei mwaka 1977. Baadaye ikatungwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika mwezi wa Januari mwaka 2014. Sheria hiyo hailindi tembo na faru peke yao. Yawahusu viumbe wote wa porini walio wa asili ya nchi, na bata bukini, kwarara na sungura wa porini ni miongoni mwao. Sungura wa kufugwa, alaye majani kizimbani, ni mfugo kama kuku, huyo hahusiki.

Sheria ya mwaka 2013 ilikataza kuwinda kwa ajili ya mchezo. Hata mtu awindaye kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani iliwekewa adhabu yake: faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi 6, au yote mawili. Kupunguza idadi ya wanyama kumetajwa katika sheria, lakini ni kwa kibali tu. Pasipo kibali, kisingizio cha kulinda majani ya uwanja hakitoshi.

Kadhalika watu wengi huchanganya mambo mawili. Cheti cha kumiliki bunduki humpa mtu ruhusa ya kuwa na silaha. Hakimpi ruhusa ya kuua wanyama wa porini. Wala asiye na bunduki asidhani ya kuwa yu salama akitumia mtego au manati, kwa maana kosa ni kuwinda, si mlio wa bunduki.

Hapana budi vibarua walitafakari neno hili. Ikiwa msimamizi amemwamuru kijana awapige bata alfajiri, kabla wachezaji hawajafika, amri hiyo haimwondolei kijana lawama mbele ya hakimu. Aliyeamuru aweza kushtakiwa, na aliyefyatua vile vile. Tena faini ile ile ya shilingi 30,000 ambayo tajiri huilipa siku hiyo hiyo yaweza kumpeleka kibarua gerezani.

MBONA KWINGINE HURUHUSIWA?

Wako wasemao ya kuwa Uingereza sungura hupigwa risasi katika viwanja vya gofu bila neno. Ni kweli kwamba huko sheria ya mwaka 1954 yaweza kumtaka mwenye ardhi awaue sungura au azuie uharibifu wao. Lakini ndege wa porini wanalindwa kwa sheria ya mwaka 1981, na huuawa kwa leseni tena kwa sababu zilizotajwa, kama kulinda mazao au afya ya watu. Sheria ya nchi moja haisafiri pamoja na mchezo wake.

Hapa Afrika Mashariki pia waharibifu huangamizwa, ila kazi hiyo husimamiwa na serikali. Mwaka 2023 ndege waitwao kwelea walipoyavamia mashamba ya mpunga Kisumu, ilitumwa dawa ya kuwanyunyizia. Kwelea mmoja hula kiasi cha gramu 10 kwa siku. Basi ndege milioni moja waweza kumaliza tani 10 kutwa. Na mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori, yaani KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja wa Bara Hindi katika pwani ya Kenya. Hata kunguru huyo, aliye mgeni tena adui wa ndege wenyeji, hakuachiwa kila mtu amuue apendavyo.

LA KUFANYA

Hapa pana neno zito, nalo halifai kufichwa. Sheria ya mwaka 2013 iliweka orodha ya wanyama ambao uharibifu wao wa mazao hulipwa fidia. Kiboko, nyati na punda milia wamo. Ndege na sungura hawamo. Kwa hiyo mkulima mdogo hakatazwi tu kumuua sungura. Hasara nayo yabaki mikononi mwake. Klabu yaweza kununua majani mapya. Yeye hawezi kununua msimu mwingine.

Kwa sababu hiyo kinga ndiyo dawa. Uzio wa waya wenye matundu madogo, uliofukiwa chini kidogo, humzuia sungura. Nyavu hulinda miche isidonolewe. Majani yakiachwa marefu kando ya maji, bata hupaogopa kwa kuwa hawaoni adui akija. Kazi ya wazee ya kukaa dunguni na kuamia ndege haijapitwa na wakati. Uharibifu ukizidi, habari ipelekwe katika ofisi ya KWS iliyo karibu, nao wenye mamlaka waamue.

Kuuliza si ujinga. Safari ya kwenda kuuliza ofisini ni fupi kuliko safari ya kwenda kujibu mashtaka mahakamani.