Wahandisi wa Mifumo Wanavyosimuliana Makosa Yao



Katika mkutano wa tawi moja la kiwanda cha chai, mzee mmoja mwanachama wetu alieleza kwamba mwanawe, aliyesomea kompyuta Kampala, amepewa ruhusa na mwajiri wake kwenda kwenye mkutano wa siku tatu. Mshahara unaendelea, nauli na chakula vimelipwa, na kazi yake huko ni kusimama mbele ya mafundi wenzake na kusimulia jinsi alivyoharibu mtambo. Wanachama walicheka sana. Mmoja akauliza, "Na akisharudi, barua ya kuachishwa anaikuta mezani?" Mzee akajibu kwamba hapana, mwaka uliopita alikwenda mwenzake kwa jambo kama hilo hilo, na sasa amepandishwa cheo. Kicheko kikaisha. Wanachama wakatutaka tueleze katika kurasa hizi mikutano hiyo ni ya namna gani. Tumeuliza wanaojua, na yale yaliyoandikwa kwa Kiingereza tumesomewa na vijana wetu. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Tuanze na jina lenyewe. Katika kiwanda cha chai kuna fundi wa boila, kuna fundi wa umeme, kuna wanaosimamia rola na wanaosimamia kikaushio. Kila mmoja anaijua mashine yake. Lakini lazima awepo pia mtu anayejua kwamba mvuke ukipungua kwenye boila kikaushio kitapoa, na kikaushio kikipoa, majani yaliyokwisha kusagwa yatachacha kupita kiasi na chai ya zamu nzima itaharibika. Mtu huyo haangalii mashine moja, anaangalia jinsi mashine zinavyotegemeana. Huyo ndiye mhandisi wa mifumo.

Siku hizi wengi wao wako kwenye kompyuta. Mfanyakazi anapomtumia mama yake fedha kwa simu siku ya mshahara, ujumbe ule hupita katika kompyuta kubwa ziitwazo seva, na zikisimama, watu wengi hukwama dukani na kwenye kituo cha basi. Wahandisi hawa hupangiwa zamu usiku na mchana. Simu ikilia saa nane za usiku, mwenye zamu anaamka. Kwa hiyo ni wafanyakazi wa zamu kama sisi, ingawa mikono yao haina grisi.

Huko Marekani mafundi wa kompyuta kubwa walianza mkutano wao wa kila mwaka mwaka 1987, mjini Philadelphia, chini ya jumuiya iitwayo USENIX, nao uliendelea mpaka 2021. Hapa Afrika iko AfNOG, jumuiya ya wanaoendesha mitandao ya intaneti, iliyoanza mwaka 2000 kwa jitihada za watu kama Profesa Nii Quaynor wa Ghana. Mafunzo yake yalifika Kampala mwaka 2003 na tena 2019, Nairobi 2006, Dar es Salaam 2011. Jambo lililotupendeza katika mafunzo hayo ni kwamba mtu hakai kusikiliza hotuba tu. Anawekewa mashine mbele yake, anaunganisha mtandao kwa mikono yake, akikosea anaanza upya, na mwalimu wake ni fundi mwenziwe aliyejitolea.

Tena mafundi hao hutoka katika kampuni zinazoshindana, na hilo lina maana kubwa. Miaka ile, barua ya kompyuta kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya jirani hapo hapo Nairobi iliweza kupandishwa kwa setilaiti hadi ng'ambo ndipo irudi, na safari hiyo ililipiwa kwa bei kubwa. Dawa yake ilikuwa ni mafundi wa kampuni mbalimbali kukubaliana kuunganisha mitandao yao mahali pamoja. Nairobi walifungua kituo cha namna hiyo mwaka 2000. Kikafungwa kwa amri baada ya shirika la simu kulalamika, na mwaka 2002 kikafunguliwa tena. Bila mafundi kufahamiana na kuaminiana kazi hiyo isingewezekana, hata kama wakubwa wao wangekuwa na fedha zote.

Sasa tuje kwenye lile lililowachekesha wanachama, yaani kusimulia makosa.

Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni iitwayo GitLab, ambayo hutunza kazi za waandishi wa programu wa nchi nyingi, mhandisi mmoja alikuwa kazini usiku. Mtambo ulikuwa umelemewa tangu jioni. Kulikuwa na seva mbili, moja ikiwa kubwa ya kutunza kumbukumbu, na ya pili ikiwa ya kunakili yale ya kwanza. Ile ya pili ilikuwa imeachwa nyuma, naye akataka kuifuta ili aianzishe upya. Alitoa amri ya kufuta kwenye seva ya kwanza, akidhani yuko kwenye ya pili. Alitambua baada ya sekunde moja au mbili akaizuia amri, lakini kumbukumbu za ukubwa wa gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimefutika, zikabaki 4.5 tu.

Ndugu msomaji, fikiri hilo lingekuwa limetokea kwenye kiwanda chako.

GitLab wenyewe waliweka wazi kila kitu. Walionyesha kazi ya kutengeneza moja kwa moja kwenye intaneti, kila anayetaka atazame. Baadaye wakaandika taarifa ndefu, na ndani yake mhandisi yule hakutajwa kwa jina, aliitwa tu mfanyakazi namba 1. Taarifa haikuishia kwenye mkono uliofuta. Iliuliza: kwa nini nakala za akiba hazikuwepo? Ikaonekana kwamba programu ya kuweka akiba ilikuwa inashindwa kila siku kwa sababu haikulingana na mtambo, na barua za onyo ilizokuwa ikituma zilikuwa zikikataliwa njiani, hivyo hakuna aliyejua. Njia tano za akiba walizozitegemea hazikuwasaidia kama walivyotarajia. Kilichowaokoa ni nakala moja iliyochukuliwa kama saa 6 kabla ya ajali, kwa ajili ya shughuli nyingine. Na aliyeichukua nakala hiyo ni nani? Ni yule yule mfanyakazi namba 1.

Laiti wangemfukuza usiku ule na kufunga faili, programu mbovu ya akiba ingeendelea kuwa mbovu, ikingoja mtu mwingine.

Mwezi uliofuata, tarehe 28 Februari 2017, jambo la jamaa moja liliikuta kampuni ya Amazon. Mhandisi alitaka kuzima seva chache, akakosea kuandika sehemu moja ya amri, zikazimika nyingi, na sehemu kubwa ya shughuli za intaneti huko Marekani ikayumba kwa muda wa saa 4 hivi. Kampuni ilitangaza chanzo, na dawa iliyotangaza ilihusu chombo cha kazi. Walikibadilisha kile chombo kizime polepole, na kikatae kuzima seva zikifika kiwango cha chini kinachotakiwa. Kwa lugha ya kiwandani, waliweka kifuniko kwenye mashine.

Mhandisi mmoja, John Allspaw, aliandika mwaka 2012 jinsi uchunguzi wa namna hii unavyofanywa. Aliyehusika anaeleza alichokiona wakati ule, alichodhani kinatokea, alichofanya na kwa nini kilionekana sawa machoni pake. Anahakikishiwa kwamba hataadhibiwa kwa kusema. Sababu ni rahisi: mtu anayeogopa adhabu huficha, na akificha, kasoro inabaki. Katika mikutano yao mazungumzo mengi hufuata njia hiyo, na wanaosikiliza huenda kukagua mitambo yao kabla ajali ile ile haijawafika. Marubani wa Marekani wana utaratibu unaokaribiana na huo tangu mwaka 1976. Huandika taarifa za hatari walizoziona, taarifa hupelekwa kwa shirika lisilo na mamlaka ya kuwaadhibu, na majina huondolewa.

Sisi tumeyaona ya upande wa pili. Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa kwenye kiwanda kimoja ambako kijana alikuwa amekatwa vidole viwili na rola. Taarifa ya uongozi ilikuwa mistari minne, na neno kubwa ndani yake lilikuwa "uzembe". Kijana alikuwa ameondoa kifuniko cha mashine. Ni kweli aliondoa. Tulipozungumza na watu wa zamu zote tatu tukakuta kila zamu ilikuwa ikikiondoa, kwa sababu majani mabichi ya msimu wa mvua yalikuwa yanaziba, kusimamisha mashine kulihitaji kibali cha mnyapara, na mnyapara alipimwa kwa kilo. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa. Kijana aliachishwa. Kabla ya mwaka kwisha, mwanamke wa zamu ya usiku akaumia kwenye rola ile ile. Na sisi tukiri: tulipigania fidia ya yule kijana, tukaipata kidogo, lakini suala la kibali cha kusimamisha mashine hatukulipeleka mezani. Tulipaswa kulipeleka.

Lakini tusidanganyane kuhusu wema wa waajiri wa kompyuta. Mhandisi husamehewa kwa kuwa ni vigumu kumpata mwingine, na elimu ya mtambo iko kichwani mwake. Mpakiaji au mchuma chai, kesho asubuhi wako watu ishirini langoni. Amazon ile ile iliyorekebisha chombo cha mhandisi wake, wafanyakazi wa ghala lake la Staten Island, New York, walipiga kura mwaka 2022 kuunda chama, na kati ya malalamiko yao ilikuwa kasi ya kazi na usalama. Kwa hiyo utaratibu ambao mhandisi anaupata kwa ujuzi wake, mfanyakazi wa kiwanda na shamba ataupata kwa kuandikwa kwenye mkataba wa pamoja.

Msingi wa kuudai upo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inataka kamati ya usalama mahali pa kazi penye wafanyakazi 20 au zaidi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayeondoka penye hatari kubwa ya wazi, na unataka wawakilishi wa wafanyakazi wapewe mafunzo ya usalama. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa katika ile ya msingi, ambayo nchi zote wanachama hupaswa kuheshimu kanuni zake hata kama hazijauridhia.

Katika majadiliano yajayo tutadai kifungu kipya. Ajali ikitokea, kamati ya usalama ndiyo itakayochunguza kwanza, na maneno ya aliyeumia na ya watu wa zamu yake hayatatumika kumpa adhabu. Aliyekusudia kuharibu, au aliyekuja kazini amelewa, huyo hatumtetei hapa. Taarifa itaonyesha mashine, vifuniko, mafunzo, saa alizokwisha kufanya kazi na lengo la kilo la siku ile. Nakala itapelekwa katika viwanda vingine vyenye mashine kama hiyo. Na mara moja kwa mwaka wawakilishi wa usalama wa viwanda mbalimbali watakutana siku mbili kusimuliana, mshahara ukiendelea. Waajiri watasema hilo la mwisho ni anasa. Tutawakumbusha yule kijana wa kompyuta.

Makatibu wa matawi wanaombwa waandike ajali, na hata zile zilizokosewa kidogo, za msimu uliopita: mashine gani, zamu gani, saa ngapi, na mfanyakazi mwenyewe anasema nini. Majina yasiandikwe. Asiyejua kuandika asimulie, katibu amwandikie, kisha amsomee kabla ya kuileta ofisini.