Masomo ya bure: mtoto mwanamke amepata nini?

Ba yaya na ba ndugu tuliomaliza pamoja, kila mwezi wa tisa mazungumzo yetu yanarudi palepale: bure ya masomo imesaidia ao imeharibu? Mmoja anasema batoto wamejaa ndani ya kalasi mpaka wa nyuma hawaoni ubao. Mwingine anajibu: afazali wajae kuliko kubakia ku nyumba. Leo naomba tuulize ulizo lingine: katika mambo haya yote, mtoto mwanamke amepata nini?

Tuanze na sheria. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya primeri ni ya lazima, tena ni ya bure ndani ya masomo ya Leta. Tuelewane hapo. Masomo mengi yanayosimamiwa na Kanisa Katoliki, ba Metodisti ao ba Kimbanguisti yanahesabiwa nayo kuwa ya Leta, kwa hiyo bure inayahusu.

Lakini sheria ilikuwa ku karatasi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, Leta iliposhindwa kulipa bamwalimu na migomo ikafunga masomo, bazazi njo walibeba muzigo kwa ile tuliita «primu». Kizazi changu tunaijua: asubuhi majina ya wasiolipa yanasomwa, nao wanarudishwa nyumbani. Mwaka 2010 Leta ilianza bure hatua kwa hatua, kutoka kalasi za chini, lakini Kinshasa na Lubumbashi ziliachwa nje. Watu walifikiri mujini kila mutu ana makuta! Mama wa Katuba anayeuza mboga aliendelea kulipa. Kwetu huku bure ilifika kweli mwezi wa 9 mwaka 2019, Rais Félix Tshisekedi alipoitia ndani ya primeri yote ya Leta, nchi nzima.

Sasa, kwa nini jambo hili linamuhusu sana mtoto mwanamke? Hesabu ni nyepesi. Nyumba ina batoto watano na makuta ya watatu tu. Nani atabakia? Mara nyingi ni binti, maana bazazi wanasema: «Huyu ataolewa, atajenga kwa wengine.» Primu ilipoondoka, lile chaguo la kila mwezi wa tisa lilipungua nguvu. Papa hana tena sababu ya kupanga nani aende na nani abakie. Hiyo ni faida kubwa, na ninaiona hata katika kartie yetu: mabinti wa miaka tisa, kumi, walioingia mwaka wa kwanza wakiwa wamechelewa, lakini waliingia.

Leta ilifanya kitu kingine ambacho hatukisemi sana. Kodi ya famili ya 1987 iliruhusu binti kuolewa na miaka 15, wakati kijana alingoja 18. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 ilikataza ndoa ya batoto, na ile ya 15 Julai 2016 ikabadilisha Kodi yenyewe: miaka 18 kwa wote wawili. Muzazi anayetoa binti ku masomo ili amuolee anavunja sheria. Mwalimu, jirani, shangazi, kila mutu anaweza kumwambia hivyo bila haya.

Basi, kwa nini mabinti wangali wanaacha? Kwa sababu makuta ya primu yalikuwa mulango moja tu. Daftari, viatu na iniformu havikuwa bure. Maji yakikosekana ku robine, anayeamshwa alfajiri na bidoni ni binti. Anafika kalasi amechelewa na amechoka. Mama akiwa sokoni, anayebeba mtoto mdogo ni binti. Tena kuna choo. Binti wa mwaka wa sita anayeanza kupata siku zake, akikuta choo hakina mulango wala maji, anakosa siku tatu, ine, kila mwezi. Mwisho anashindwa kufuata, na watu wanasema «hana akili».

Halafu kuna ukuta wa mwaka wa saba. Bure ya 2019 ilihusu primeri. Binti anapita mutihani wa mwisho wa mwaka wa sita, nyumba inashangilia, kisha wanaombwa makuta ya mwaka wa saba. Hapo lile chaguo la zamani, kijana ao binti, linarudi. Ana miaka kumi na mbili ao kumi na tatu, umri ule ule ambao watu wanaanza kumuangalia kama bibi wa mutu.

Kwa hiyo, ninapoona association yetu inatafuta kazi ya kufanya, napendekeza tusitawanyike. Tuchague masomo moja ya primeri tunayoijua. Tumuulize direkta mambo mawili: mabinti wangapi wako mwaka wa kwanza, na wangapi wako mwaka wa sita? Tofauti ile itatuonyesha wanapotelea wapi. Kama ni choo, tujenge choo chenye mulango. Kama ni mwaka wa saba, tulipie mabinti wachache mpaka mwaka wa nane, tukiwafuata kwa majina.

Na bazazi wakiombwa makuta ya primu ndani ya primeri ya Leta, tuwasaidie kuuliza kwa heshima: kwa sheria gani? Sisi tulisoma. Kusoma barua ya Leta na kuielezea mama wa jirani, hiyo haiombi hata franka moja.