Mwizi wa Taarifa na Nyudhuru Zake

Tulisikiapo neno mwizi, fikra zetu humwendea mvunja mlango wa usiku. Mwizi wa zama hizi aweza kuwa kijana mpole, ameketi sebuleni kwa wazazi wake, simu mkononi, akikusanya namba za siri na za vitambulisho vya watu. Swali linalotukabili wazazi na walezi ni hili: vipi aliyelelewa vyema hufanya hayo, kisha akalala usingizi?

Mwaka 1957 wataalamu wawili wa elimu ya uhalifu nchini Marekani, Gresham Sykes na David Matza, walieleza kuwa vijana wengi wahalifu hawayakani maadili ya jamii. Wanajua kuwa wizi ni kosa, ila hujitafutia nyudhuru za kuinyamazisha dhamiri. Nyudhuru hizo ni tano. Kukana dhima: "Mimi nimetumwa tu." Kukana madhara: "Nimenakili tu, chake bado anacho." Kumlaumu aliyedhulumiwa: "Mjinga mwenyewe, kwa nini alitaja namba yake?" Kuwageuzia kibao wenye kukemea: "Wakubwa wanaiba zaidi." Na kusingizia wema: "Nilifanya kwa ajili ya familia."

Nadharia hiyo ilitangulia intaneti, lakini mtandao umezirahisisha nyudhuru hizo. Mvunja mlango hukiona kitanda cha anayemwibia. Mwizi wa mtandaoni huona tarakimu tu. Hasikii kilio cha mjane ambaye akiba yake imetoweka.

Kwetu Waislamu jambo hili si geni. Ndugu zake Nabii Yusuf (a.s.) walipanga kumdhuru huku wakijiahidi kuwa baadaye watakuwa watu wema. Baba yao akawaambia kuwa ni nafsi zao zilizowapambia jambo hilo. Suratun Nur, aya ya 27, yatutaka tuombe idhini kabla ya kuingia nyumba za wengine, na Suratul Hujurat, aya ya 12, yakataza kupelelezana. Simu ya mtu leo ni sehemu ya nyumba yake.

Mwaka 1979 Lawrence Cohen na Marcus Felson waliongeza kuwa uhalifu hutokea yakutanapo matatu: mwenye nia, kitu cha kutamanika, na kukosekana mlinzi. Nia ya mwizi hatuimiliki, ulinzi tunao. Namba ya siri asitajiwe yeyote, hata ajitambulishe kuwa mtumishi wa kampuni ya simu. Ujumbe wa kututaka tutume fedha kwa namba ngeni tuuhakikishe kwanza kwa kumpigia mhusika. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge, kisha ategemee.

Lakini mlinzi wa kwanza ni malezi. Mtoto anapofungua simu ya dada yake bila ruhusa, akasema alikuwa anatania, huo ni udhuru wa pili kati ya ile mitano. Tumrekebishe hapo, kwa upole na kwa uwazi, kabla Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haijamrekebisha mahakamani.

Na kijana ambaye tayari amechukua cha watu, tumfundishe kuwa istighfari pekee haitoshi. Haki ya mja hurudishwa kwa mwenyewe, na aombwe radhi. Hapo hakuna udhuru unaobaki.