Joto katika chumba kidogo cha kupikia

Katika milima ya Lubero, kule Kivu ya Kaskazini, asubuhi kuna baridi nyingi. Ukungu unafunika mashamba, na mama anayekwenda kuwasha moto anapuliza mikono yake kwanza. Watu wa Kindu, kando ya mto Lualaba, hawajui baridi hiyo. Kwa nini? Kindu iko meta 500 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini mashamba mengi ya Lubero yako meta 2.000 na zaidi. Na kila mtu apandapo meta 1.000, hewa inapoa karibu digri 6. Hesabuni: toka Kindu mpaka Lubero joto linapungua digri 9 hivi.

Basi, watu wa milimani wanapenda kukaa penye moto. Lakini chumba cha kupikia ni kidogo. Ukuta mmoja una mlango. Wa pili una dirisha na mitungi ya maji. Wa tatu una kuni. Wa nne una sufuria na masahani. Kwa hiyo moto unawekwa katikati, juu ya mafiga matatu. Na joto lake linakwenda wapi?

Tazameni moshi, utawaonyesha njia. Hewa yenye joto ni nyepesi, inapanda. Inafika chini ya paa, inatoka kati ya manyasi. Hewa ya baridi inaingia chini ya mlango, inashika mahali pake. Ndiyo maana miguu ya watoto ina baridi, na huku macho yao yanatoka machozi kwa moshi. Kuni zinakwisha, na chumba hakipati joto.

Dawa yake ni hii: moto upewe ukuta kwanza, vitu vingine vitafute mahali pengine. Kuni zinaweza kukaa nje chini ya upenu. Sufuria zinaweza kutundikwa. Moto hauwezi kutundikwa.

Upewe ukuta gani? Ukuta wa nje unapigwa na upepo, joto linapotea. Ukiwapo ukuta wa kati, unaotenga chumba cha kupikia na chumba cha kulala, huo ndio mzuri. Fundi ajenge jiko la matofali na udongo penye ukuta ule, katika pembe, maana pembe haili nafasi nyingi. Tofali linapata joto polepole, na linaliacha polepole. Moto ukizimika usiku, ukuta ungali na joto, na nyanya anayelala upande wa pili anafaidika. Lakini nyufa zote za ukuta zizibwe kwa udongo, moshi usiwafikie wenye kulala. Kando ya jiko fundi aongeze kibaraza cha udongo. Watoto watakaa juu yake na kuota moto.

Moshi nao upewe njia. Bomba la matofali lipande kupita paa, lisiguse manyasi wala miti, sivyo nyumba itaungua. Moshi si kitu cha kudharau. Shirika la Afya Duniani linahesabu ya kuwa mwaka 2020 moshi wa majiko ya nyumbani uliua watu karibu 3.200.000 duniani. Kati yao, watoto wa chini ya miaka 5 walipita 237.000.

Iko hatari nyingine isiyoonekana. Usiku wa mvua mtu anachukua mbabula yenye makala mekundu, anaiweka ndani, anafunga mlango na dirisha. Anasema: «Makala hayana moshi, hayadhuru.» Anajidanganya. Makala yanatoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Jina lake ni monoksidi ya kaboni. Kwa kawaida damu inachukua oksijeni ya hewa na kuipeleka mwilini mwote. Lakini sumu ile inashika damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Basi mwili unakosa hewa njema. Kwanza kichwa kinauma, halafu kinakuja kizunguzungu na kutapika, miguu inalegea, usingizi unamshika mtu. Anaweza asiamke tena.

Mtu akisikia dalili hizo, afungue mlango mara moja, awatoe wote nje. Aliyezimia apelekwe dispensari upesi. Mbabula iwashwe nje. Ikiingizwa ndani kwa kupika, mlango na dirisha vibaki wazi, na kabla ya kulala itolewe.

Gunia chini ya mlango linazuia upepo wa miguuni, ni vema. Lakini penye moto, njia zote za hewa zisizibwe kamwe. Heri kuongeza blanketi moja kuliko kufunga dirisha juu ya makala.

Maulizo
1. Kwa nini Lubero kuna baridi kuliko Kindu?
2. Hewa yenye joto inakwenda wapi?
3. Kwa nini ukuta wa kati unafaa kuliko ukuta wa nje?
4. Makala hayana moshi. Kwa nini yanaweza kuua?
5. Nyumbani kwenu moto unawekwa wapi? Moshi unatoka kwa njia gani?