Amana Iliyomo Katika Bahasha ya Dawa

Mtoto anaposhikwa na homa usiku, mama wa Eastleigh, Kayole au Umoja aghalabu haendi hospitali kwanza. Huteremka hadi duka la dawa lililo jirani. Muuzaji, ambaye mtaa mzima humwita "daktari" hata kama siye, huhesabu vidonge, akavitia katika bahasha ndogo na kuandika juu yake: 1x3.

Yeye akusudia kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Nyanya aliyeachiwa mtoto aweza kufahamu vitatu kwa mara moja. Na mara nyingi bahasha haina jina la dawa wala nguvu yake, hata likitokea la kutokea na daktari akauliza mtoto amepewa nini, jawabu huwa: "vile vyeupe."

Dawa za maji zina hatari zaidi. Parasitamoli ya maji ya kawaida ya watoto ina miligramu 120 katika mililita 5. Lakini yako matone ya watoto wachanga yenye miligramu 100 katika kila mililita moja. Matone hayo yakipimwa kwa kijiko cha mililita 5, mtoto atameza miligramu 500, zaidi ya mara nne ya ile ya kawaida. Na parasitamoli ikizidi huharibu ini. (Kijiko cha jikoni nacho si kipimo, ingawa nyumba nyingi hukitegemea.)

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayejitia utabibu pasi na kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara yake, hadithi hiyo imo kwa Abu Dawud. Katika karne ya 12 huko Shamu, al-Shayzari aliandika kitabu cha hisba, akamtaka mkaguzi wa soko awachunguze wauza dawa. Kwetu Kenya kazi hiyo ni ya Bodi ya Dawa na Sumu, lakini mkaguzi hawezi kusimama katika kila kaunta.

Basi nawaomba wauzaji, wengi wao tunasali nao safu moja: andikeni jina la dawa, kisha maneno kamili, "kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku." Nanyi akina mama, msione haya kuwakawiza walio nyuma yenu. Utajeni uzito wa mtoto, ombeni kipimio cha dawa, na chupa msiitupe mpaka apone. Mkilazimika kwenda hospitali, nendeni nayo.